Bi Arlys Tollefsrud na Hosta Iliyongoja Jina

Bi Arlys Jeanette Tollefsrud, mzaliwa wa akina Haugen, alifika duniani tarehe 14 Februari 1938, katika chumba cha juu cha nyumba ya shamba la wazazi wake, maili nne mashariki ya Sandvold, Minnesota. Baba yake alikuwa Selmer Haugen na mama yake Inga. Siku hiyo theluji ilikuwa imepanda hadi madirishani, na mkunga alipofika mtoto alikuwa ameshatoka, ameshafutwa, yuko kifuani. Mama alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyo hakulia. Alitazama. Alitazama taa, akatazama dirisha, akatazama vidole vya mama yake kimoja kimoja, kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia na anataka kuiona yote kabla hajasema asante. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Duane, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii, na huyo alilia mpaka majirani wakaja na taa. Wapo wanaosema hajanyamaza tangu siku hiyo. Wamekaa safu ya tatu na anawaona.

Marehemu alianza shule mwaka 1944, ile ya chumba kimoja kule njia panda, kisha akamaliza sekondari ya Sandvold mwezi wa Mei 1956, akiwa wa tatu katika wanafunzi ishirini na wawili. Duane aliacha shule baada ya darasa la nane, kwa makubaliano: yeye alitaka kuondoka na shule haikupinga. Mwalimu wao aliwahi kuwatuma watoto wote nje, kila mmoja alete majani na kuyachora. Kufika saa sita wenzake wote walikuwa wamechora matano, sita. Duane alikuwa amechora kumi na moja, yote yanafanana. Arlys alikuwa bado na jani moja.

"Arlys, wenzako wameshamaliza," mwalimu akamwambia.

"Mimi hili bado sijamaliza kuliona, Mwalimu."

Hakulimaliza siku hiyo. Kwa maoni ya watu waliomjua, hakulimaliza maisha yake yote.

Mwaka 1957 aliajiriwa jikoni kwenye shule ya Sandvold, na ukiondoa miaka aliyokaa nyumbani na mtoto, alipika pale miaka thelathini na mmoja, hadi alipostaafu Juni 1998. Kila mtu humu kanisani aliyezaliwa Sandvold kabla ya 1993 amekula chakula cha mkono wake: viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, mahindi, kipande cha keki. Jiko lake lilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: kisu hakihami bila kuoga. Kikitoka kwa kuku hakiendi kwa kabeji mpaka kipitie kwenye ndoo. Mpishi mpya aliyesahau aliambiwa mara moja. Akisahau mara ya pili, aliambiwa tena, kwa sauti ileile ndogo, na hapo mtu alijisikia vibaya kuliko angetukanwa. Sheria hiyo mwishike vizuri kichwani. Itarudi.

Tarehe 20 Juni 1959, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Milo Tollefsrud, dereva wa lori la maziwa. Milo alikuwa mtu wa maneno machache. Jambo likimpendeza sana, alisema, "Si haba." Likimpendeza kupita kiasi, alisema, "Si haba," halafu akavua kofia. Siku ya harusi alivua kofia akasahau ameiweka wapi. Walinunua nyumba ya mtaa wa Church, ile yenye mwaloni mkubwa uani, na Mungu akawajalia binti mmoja, Renae, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1962. Chini ya ule mwaloni nyasi hazikuota. Milo alipanda mbegu za nyasi miaka saba mfululizo, na Duane, ambaye kwa mambo ya kupanda hana mpinzani kaunti nzima na anaruhusu yeyote abishe, alimshauri aukate mti.

Ndipo mama mkwe, mama yake Milo, akaja na ndoo. Ndani yake kulikuwa na mashina matatu ya hosta, mimea ya majani mapana ya kivulini, zile za kijani tupu zilizo upande wa kaskazini wa kila nyumba ya Mnorwei katika kaunti hii.

"Jua hazilitaki," mama mkwe akasema. "Na hazifi. Nilishazipitia na trekta."

Arlys akazipanda kivulini. Kivuli kilichowashinda wanaume wawili na magunia ya mbegu, yeye alikisoma kama barua. Miaka ikaenda, hosta zikauzunguka mwaloni mzima duara, kijani juu ya kijani. Angeweza kuishia hapo akawa mama mwenye bustani nzuri, basi.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1983, alipokuwa anakwenda kuanika, aliona chipukizi moja katika yale mashina ya mama mkwe lina mchirizi mweupe. Aliweka beseni la nguo chini. Jani lilikuwa bado limejikunja kama sigara, na jua la asubuhi lilikuwa limepenya katikati ya matawi na kulipiga kwa nyuma. Milo ndiye aliyesimulia haya, kwa sababu Arlys hakuyasimulia. Milo alisema alitoka na kahawa yake, akamkuta mkewe amepiga magoti kwenye umande.

"Limepauka," Milo akasema. "Labda mbwa kakojoa."

"Tazama, Milo."

Akatazama. Weupe wenyewe haukuwa kama rangi iliyopakwa. Ulikuwa unatoka ndani, kama maziwa yanayopanda kwenye chai, na mahali ulipokutana na kijani palikuwa na rangi ya tatu ambayo haina jina, si nyeupe, si kijani, na kila walipoikazia macho ilionekana kusogea. Kahawa ikapoa. Lori likachelewa dakika arobaini, na mwaka ule mzima watu wa kiwanda cha maziwa walimuuliza siku ile aliharibikiwa na nini. Milo alivua kofia.

Sasa, kwa wale waliotoka mbali ambao hawajui: hosta ya namna hiyo haitulii. Mwaka huu mchirizi uko kushoto, mwakani uko kulia, mwaka wa tatu umetoweka. Upande wa kijani una nguvu, ukiuachia unakula shina lote na unarudi ulikotoka. Upande mweupe mtupu nao hauwezi kuishi peke yake, kwa sababu weupe haujipikii chakula. Unalishwa na kijani kilicho jirani yake. Arlys alipojifunza hilo alikaa kwenye ngazi za nyuma akasema, "Kumbe kama shuleni. Watoto wako mbele, jiko liko nyuma." Kila Mei, kwa miaka kumi na minne, alilifukua lile shina, akaliosha mizizi, akachagua jicho, yaani chipukizi, ambalo weupe wake ulikuwa umesogea kidogo kuelekea pembeni, akakata kwa kisu kilichooga, akapanda, akangoja mwaka mwingine. Duane alikuwa akipita anamtania.

"Dada, bado tu unampeleka huyo saluni?"

"Bado."

"Mimi mahindi yangu napanda Mei nakula Agosti."

"Na Septemba unakuwa umesahau yalikuwa na rangi gani."

Mwaka 1997 lilitulia. Kila jani lilitoka na ukingo mweupe kuzunguka pande zote, wenye upana wa kidole, sawasawa, kama mtu amemimina krimu kwenye mdomo wa sahani na mkono haukutetemeka. Kufika 2004 alikuwa na mashina kumi na moja chini ya mwaloni. Verla Brandvold, jirani yake na mwenyekiti wa chama cha hosta cha kaunti, alimsihi aliandikishe rasmi na kulipatia jina. Arlys akasema jina litakuja shina likishakaa miaka kumi bila kuyumba. Alitaka kuwa na hakika. Wengine wangeshalichapisha kwenye katalogi. Yeye alisema 2007.

Milo hakuingoja 2007. Alifariki ghafla tarehe 11 Oktoba 2004, na Mei iliyofuata Arlys alichukua kipande kimoja cha ile hosta akakipanda kaburini kwake, hapo nje upande wa kaskazini, chini ya misonobari ambako jua halifiki. Duane alikizungushia waya kwa ajili ya kulungu na kuning'iniza vipande vya sabuni, ambayo hawapendi harufu yake, kwa maana kulungu wa Sandvold hawaheshimu marehemu.

Yanayofuata Duane hakutaka yaandikwe. Dada yake aliagiza yaandikwe, na amri ya dada mkubwa haina rufaa.

Julai 2006 Duane alinunua kwenye duka moja kando ya barabara kuu, kwenye rundo la bei ya kutupa, hosta iliyokuwa na majani ya ajabu. Yalikuwa ya manjano yenye mabaka ya kijani kizito yanayofuata mishipa, kama wino uliomwagika kwenye karatasi yenye maji. Akaipeleka kwa dada yake siku ambayo chama kizima kilikuwa kinanywa kahawa chini ya mwaloni, akaiweka katikati ya meza kama taji.

"Haya, mabibi," akasema. "Arlys amehangaika miaka ishirini na tatu. Mimi nimetumia dakika tano na bado nimerudishiwa chenji."

Wote wakainuka. Wote, watu waliosoma vitabu vya hosta, watu wenye vikombe vya ushindi kabatini. Verla aliivalia miwani akasema hajaona kitu kama hicho, ipelekwe maonyesho. Wakaanza kuomba vipande. Arlys peke yake aliitazama muda mrefu.

"Vipi?" Duane akamuuliza. "Wivu?"

"Haijatulia," Arlys akasema. "Ina kitu."

"Ina uzuri, ndicho kitu chenyewe."

Arlys akaingia ndani kuleta kahawa, na kisu safi, na ndoo. Duane hakungoja. Alitoa kisu chake cha mfukoni, kile alichokatia kamba, jibini na kucha, akaikata ile hosta vipande kumi na tisa, wakagawana wakiwa wamefurahi. Na kwa kuwa kisu kilikuwa mkononi na watu walikuwa wanamtazama, akaona amfanyie dada yake hisani: akaenda chini ya mwaloni akakata mabua ya maua yaliyokwisha katika mashina yote kumi na moja, moja baada ya jingine, akipiga mluzi. Arlys aliporudi na ndoo kazi ilikuwa imekwisha. Hakuona, na kesho yake alipokuta mabua hayapo alidhani ni kulungu.

Mwezi wa Machi 2008 alikuja mtaalamu kutoka chuo, akawaonyesha wanachama picha ukutani katika ukumbi wa chini wa kanisa hili. Akasema kuna kirusi kinachoua hosta polepole, kinahama kwa utomvu, kwa mikono na kwa visu, na kinaweza kujificha ndani ya mmea miaka miwili mitatu kabla ya kujitokeza. Hakina dawa. Akasema jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kinapoanza kinapendeza, watu wanadhani ni aina mpya. Akabadilisha picha. Lilikuwa jani la manjano lenye mabaka ya kijani yanayofuata mishipa. Verla akainua mkono.

"Hiyo tunayo," akasema. "Ni ya Duane."

"Nani mwingine anayo?" mtaalamu akauliza.

Wakainua mikono wote.

Mei ile machipukizi ya hosta chini ya mwaloni yalipofunguka, ukingo mweupe ulikuwa umeanza kuvuja. Kijani kiliingia ndani ya weupe kwa michirizi midogo, kama mshono unaofumuka. Arlys aliyapima mashina kwa vijikaratasi vya kupimia kirusi. Tisa kati ya kumi na moja yalikuwa na ugonjwa. Yalibaki mawili ambayo ugonjwa ulikuwa bado haujajitokeza, na swali moja ambalo Arlys hakuweza kulijibu: umeingiaje? Yeye kisu chake kilikuwa kinaoga. Miaka ishirini na mitano kilikuwa kinaoga.

Duane alikwenda kesho yake asubuhi.

"Dada, nina neno."

"Kaa."

"Nitasimama. Yale mabua ya maua, chini ya mwaloni. Siku ile ya kahawa. Niliyakata mimi."

Arlys alinyoosha mkono. Duane akampa kisu cha mfukoni. Akakifungua, akakitazama kama alivyotazama kila kitu, pande zote mbili.

"Hiki ndicho ulichokatia ile nyingine."

"Ndicho."

"Ulikiosha?"

"Nilikifuta kwenye suruali."

  Arlys alikikunja kisu akakitia kwenye mfuko wa aproni. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Kiangazi kile wewe ndiye uliyekuwa unafyeka makaburini."

"Ndiyo."

"Ya Milo uliikata maua?"

Duane alifikiri. Alijaribu kuiona ile siku, mashine, joto, misonobari, ule waya aliouzungusha mwenyewe. Mara aliona mkono wake unakata, mara aliuona haukati.

"Sikumbuki, dada."

"Fikiria."

"Nafikiria. Sikumbuki."

 Kitu chote Arlys alichokifanyia kazi tangu 1983 sasa kilikuwa shina moja kaburini, na uzima wa shina hilo ulikuwa umefichwa ndani ya kichwa cha mtu asiyekumbuka.

"Basi chukua koleo," akasema.

Wakachimba siku tisa. Renae alikuja kutoka Saint Paul kusaidia. Walitoa kila kitu chini ya mwaloni, hata za mama mkwe zisizokufa kwa trekta, na kila mzizi, kwa sababu mzizi ukibaki unachipua na ugonjwa unarudi nao. Wakatia kwenye mifuko myeusi ikapelekwa kuchomwa. Arlys alipekua udongo kwa vidole akiwa amepiga magoti, akiwa na miaka sabini. Hakulia na hakulaumu. Duane anasema angekuwa amepigwa koleo la kichwa angelala vizuri zaidi.

Kisha wakaenda nyumba kumi na tisa, mlango kwa mlango, kuwaambia watu kwamba sasa ardhi imelegea, wang'oe mpaka mzizi wa mwisho. Arlys alibisha hodi. Duane ndiye aliyetakiwa kusema, na maneno alipewa: "Mimi ndiye niliyeileta." Kila nyumba ilibidi wakae, maana hapa mtu haambiwi habari mbaya bila kahawa. Kufika mlango wa kumi na mbili Duane alikuwa na kahawa mwilini ya kumfanya akeshe mpaka Krismasi. Hakuna aliyefoka. Verla alisikiliza yote, akakoroga kikombe chake, akasema, "Nilijiuliza tangu lini Duane Haugen amepata akili ya kuvumbua kitu." Kisha akaenda kuchukua koleo lake.

Hosta ya Milo ilibaki. Mtaalamu alisema ipimwe kila mwaka, ikipita miaka minne safi, ni safi kweli. Kwa hiyo kila Mei Arlys alikwenda makaburini na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, akangoja ichipue. Duane alikwenda naye. Hakualikwa wala hakufukuzwa. Kwanza ardhi ilitoa pembe za zambarau, ngumu kama kucha, halafu pembe zikaanza kulegea, na siku ya kufunguka dada na mdogo wake walikaa pale tangu asubuhi, watu wazima na mvi zao, wanalitazama jani kama wanangoja hukumu. Jani linafunguka polepole kiasi kwamba huwezi kuliona likienda. Unatazama pembeni, ukirudi limeenda. Duane, ambaye maisha yake yote alidhani kutazama ni kazi ya watu wasio na kazi, hapo ndipo alipojua dada yake alikuwa anafanya nini miaka yote. Weupe ulitoka ndani, ukafika pembeni, ukasimama. Kila mwaka ulisimama palepale. Hakuna aliyeuonyesha mpaka.

Mwaka wa tatu, Mei 2011, Duane aliona doa jeusi kwenye jani la katikati.  Akanyoosha kidole.

"Usiguse," Arlys akasema. Akainama mpaka pua ikakaribia, akatazama, muda ukaenda.

"Ni nini, dada?"

"Ndege."

"Ndege?"

"Kajisaidia."

Waliokuwa barabarani siku hiyo wanasema walisikia watu wawili wanacheka makaburini mpaka wakaona vibaya kupita.

Juni 2012 kipimo cha nne kilitoka safi. Jioni ile Arlys alimrudishia Duane kisu chake, kimeng'arishwa, kimetiwa mafuta. Verla akaleta fomu ya jina. Arlys akasema bado. Wakamwomba basi agawe shina, watu wapate, na nyingine airudishe chini ya mwaloni. Akakataa pia. "Nilimpa Milo," akasema. "Ukimpa mtu kitu huchukui kipande." Chini ya mwaloni akaacha yaote yaliyotaka kuota, na hosta ya Milo ikanenepa peke yake ndani ya waya, ikaenea hadi kwenye nafasi ya upande wa pili wa jiwe, ile nafasi aliyojiwekea yeye.

Novemba 2018 alianza kukosa hamu ya chakula, na tarehe 27 mwezi huo madaktari walimwambia ni saratani ya kongosho. Alikaa nyumbani, kitandani karibu na dirisha linalotazama mwaloni, akiuguzwa na Renae na wauguzi waliomjia kwa upole mwingi, na familia inawashukuru. Alikula kidogo, alitazama sana. Tarehe 6 Mei 2019, saa nne asubuhi, Duane aliingia na viatu vyenye udongo.

"Zimetoka?" Arlys akauliza.

"Zimetoka. Ishirini na sita. Nimehesabu mara mbili."

"Ukingo?"

"Mweupe. Zote."

"Umegusa?"

"Mikono nilifunga nyuma, dada. Muulize Verla, alikuwa ananilinda."

Arlys akafumba macho kidogo. Kisha akamwambia Renae alete ile fomu, na kwamba kaburi lake litakapochimbwa hosta itabidi itoke, kwa hiyo sasa igawanywe. Kipande kimoja kirudi katikati yake na Milo. Vingine vikagawiwe kwa nyumba zile kumi na tisa. Duane ndiye akate. Renae akamuuliza jina.

"Andika: Duane Ameosha Kisu."

"Mama, una hakika?"

"Ameringa miaka sabini kwamba siku moja kitu kitaitwa kwa jina lake," Arlys akasema. "Acha kiitwe."

Duane alikwenda kusimama kwenye ngazi za nyuma. Fomu ilitumwa siku ileile.

Bi Arlys Tollefsrud alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Mei 2019, saa moja na robo asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Dirisha lilikuwa wazi na macho yake yalikuwa wazi.

Wametangulia mbele yake wazazi wake Selmer na Inga, na mume wake Milo. Ameacha binti yake Renae na mkwe wake Greg Lindahl wa Saint Paul; wajukuu wawili, Kirsten na Anders; mdogo wake Duane na wifi yake Phyllis; jirani yake Verla, ambaye ni zaidi ya jirani; na wote aliowalisha.

Baada ya maziko, karibuni nyote ukumbi wa chini kwa mikate ya nyama, keki na kahawa. Kwenye meza ya mwisho, karibu na ngazi, mtakuta vyungu. Hosta ilitolewa leo asubuhi kabla wachimba kaburi hawajafika. Imekatwa kwa kisu cha mfukoni, na kisu hicho kilizama ndooni kabla ya kila mkato na baada ya kila mkato, na Verla alisimama pale na saa mkononi. Zile nyumba kumi na tisa chukueni kwanza. Vitakavyobaki ni vya yeyote mwenye kivuli na subira. Pandeni upande ambao jua halifiki. Mwakani mwezi wa Mei vuteni kiti mkae karibu, msiguse, mtazame weupe unavyotoka ndani na kwenda mpaka pembeni na kusimama hapo.

Si haba, dada. Duane amevua kofia.

Mungu amlaze pazuri, kivulini, karibu na Milo.